Shoka na Jembe la Mwezi wa Januari

 

Mazungumzo ya leo yana swali moja tu, nami nitalirudia mara kwa mara, kwa sababu msikilizaji wa redio hana ukurasa wa kurudi nyuma kama alivyo nao msomaji wa kitabu. Swali lenyewe ni hili: Mkristo wa Kiwangwa anayetaka kuweka azma ya mwaka mpya ya kuitunza ardhi aliyokabidhiwa na Mwenyezi Mungu, aweke azma gani, na kazi yake aianze mwezi gani? Azma gani, na mwezi gani? Yashikeni hayo mawili, na mengine yote nitakayosema mtayaona yanakuja kukaa mahali pake.

Katika usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari makanisa yetu hujaa watu hata nje barazani, na kila mtu huweka moyoni ahadi zake: huyu ataacha pombe, yule atalipa deni la mwaka juzi, mwingine atapatana na shemeji yake. Katika miaka ya karibuni imeongezeka ahadi nyingine, ya kuyatunza mazingira, wala si ahadi ya kudharauliwa, maana hata Papa Fransisko aliona vema kuandika waraka mzima juu ya jambo hili, ule wa Laudato si' wa mwaka 2015. Na kule Kilimanjaro, Askofu Fredrick Shoo wa Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri aliishughulikia miti kwa bidii kubwa kiasi cha watu kumwita askofu wa miti, na vijana wa kipaimara wakatakiwa kupanda miti kama sehemu ya mafundisho yao. Lakini niruhusuni niseme, kwa taadhima yote, kwamba ahadi nyingi za namna hii nazionea mashaka. Parokia hutangaza miti elfu moja. Usharika wa jirani, kwa kutotaka kushindwa, hutangaza elfu mbili. Mgeni rasmi hupigwa picha akiwa ameshika mche kwa ncha za vidole. Na ifikapo mwezi wa Agosti hakuna anayeuliza. Ni nani kati yenu aliyepata kusikia, katika matangazo ya Jumapili, ikisomwa hesabu ya miche iliyokufa?

Basi tutafute mwalimu mwingine wa azma, naye tunaye katika Injili ya Luka, sura ya 13. Mnaikumbuka habari ya mtini uliopandwa katika shamba la mizabibu, ambao mwenye shamba aliujia miaka mitatu akitafuta matunda asiyapate, hata akaamuru ukatwe, usiendelee kuikalia nchi bure. Mtunza shamba akauombea. Na tazameni, wasikilizaji, jinsi alivyouombea, kwa sababu mahubiri mengi hukazania huruma yake na kuusahau ustadi wake. Aliomba mwaka mmoja, hakuomba miaka kumi. Alisema juu ya mti mmoja aliokuwa akiuonyesha kwa mkono, wala hakutaja msitu. Alizitaja kazi mbili zenye jina, kuupalilia mti pande zote na kuutilia samadi, kazi ambazo mwenye shamba angeweza kuja kuzikagua kwa macho yake. Kisha akakubali kuhukumiwa: usipozaa, ukatwe. Muda unaojulikana, mti unaojulikana, kazi inayojulikana, na siku ya hesabu. Hiyo ndiyo azma ya mwaka mpya iliyo kamili kuliko zote ninazozijua, na mwenye kuiweka alikuwa mtu wa jembe kama ninyi.

Sasa tuichukue azma ya namna hiyo tuilete hapa kwetu, tuone itatua wapi.

Kiwangwa, kwa faida ya wale wanaotusikiliza kutoka mbali, ni kata katika Halmashauri ya Chalinze, wilaya ya Bagamoyo, nayo imepata sifa kwa mananasi, ambayo msimu ukifika hupangwa kando ya barabara kama matofali ya nyumba ya manjano na kupakiwa magari yaendayo Dar es Salaam na mbali zaidi. Ardhi yake aghalabu ni ya kichanga, na palikuwa na mwitu mwingi kuliko uliopo leo. Upande wa kaskazini umebaki msitu wa Zaraninge, ambao umeingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na wazee wanaweza kuwatajia miti ambayo vijana wameisikia kwa jina tu: mkongo, mninga, mpingo, mvule, na msandarusi, ule ambao sandarusi yake ilipakiwa majahazini katika karne ya 19, ikapita Unguja, ikafika Ulaya kutengenezewa vanishi ya samani za matajiri. Nchi iliyokuwa ikisafirisha sandarusi leo husafirisha mkaa. Na mkaa ndio mahali pa kwanza ambapo azma yetu inapaswa kutua, ijapokuwa ndio mahali pa aibu, panapopitwa kimya katika mikesha yetu.

Kwa nini pa aibu? Kwa sababu mchoma mkaa tunaye kanisani. Ameketi benchi la tatu, au ameketi kwaya ya akina mama kwa njia ya mke wake. Na mwezi anaochoma zaidi ni mwezi gani? Naomba mlitafakari swali hili polepole. Mwezi wa Januari shule hufunguliwa. Ada za shule za serikali zimeondolewa, ni kweli, na tunashukuru; lakini sare haikuondolewa, viatu havikuondolewa, madaftari, begi, nauli ya yule aliyechaguliwa kwenda kidato cha kwanza katika shule ya mbali, godoro la bweni, vyote vipo palepale, navyo huja kwa siku moja, baada ya sikukuu kuwa zimekwisha kuufuta mfuko. Baba huyo anafanya nini? Anachukua shoka. Anajua kwamba kuna mkenge au mkwaju nyuma ya shamba, kwamba tanuri halihitaji mtaji isipokuwa jasho, na kwamba gunia likifika barabarani halilali.

Basi ndiyo kusema kwamba katika mwezi uleule ambao Wakristo wa Kiwangwa wanaweka ahadi ya kuulinda uumbaji, Mkristo wa Kiwangwa anauangusha uumbaji huo ili mwanawe aende shule, naye hakosi akili wala imani. Anakosa fedha kidogo, kwa muda wa wiki chache. Narudia, kwa sababu hapa ndipo penye uzito wa maneno yangu: anayekata mti mwezi wa Januari, mara nyingi anakata kwa ajili ya sare ya shule. Tukimhubiria habari za tabianchi tutakuwa tumemjibu asiyouliza.

Je, jumuiya yake ingeweza kumjibu namna gani? Hapa ninalo pendekezo moja, nami naliweka mbele ya miti yote ya kupandwa. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na vikundi vya nyumba kwa nyumba vya ndugu zetu Walutheri na wengineo, hukutana kila juma, husali, huchanga senti kwa ajili ya mgonjwa au msiba. Vikoba tunavijua, akina mama wa Kiwangwa hawahitaji kufundishwa na mtu. Kiwekwe kibubu kimoja cha jumuiya kwa ajili ya mahitaji ya shule, kianze kujazwa wakati mananasi yanapouzwa na mkono una kitu, kifunguliwe wiki ya kwanza ya Januari, na anayekopa humo arudishe kwa msimu ujao, naye akubali sharti moja tu: kwamba mwaka huo halichomi tanuri. Mtaniuliza, je, hilo nalo ni jambo la mazingira? Nami nasema, ndilo. Miti itakayosalimika kwa kibubu hicho imekwisha kuota, ina mizizi, haihitaji kumwagiliwa, na kivuli chake kipo tayari. Mche wa mkutano wa hadhara hautaifikia miti hiyo katika maisha ya mpandaji wake.

Nisije nikaonekana kuwa nawaonea watu wa shamba peke yao. Gunia linalotoka Kiwangwa haliishii Kiwangwa. Wilaya za Pwani zimekuwa kwa miaka mingi ghala la mkaa la jiji la Dar es Salaam, na mwenye kuchoma ndiye anayepata kidogo kuliko wote wanaolishika gunia hilo njiani, ilhali tanuri la udongo la kienyeji hupoteza sehemu kubwa sana ya kuni, kiasi kwamba kilo moja ya mkaa huweza kula kilo tano, hata kumi, za mti uliokauka. Kwa hiyo ninyi mnaotusikiliza kutoka Tegeta, Mbagala na Kimara, mnaokula ubwabwa uliopikwa kwa mti wa Chalinze, nanyi mna sehemu katika azma hii. Serikali ilizindua mwezi wa Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Shabaha ni njema. Lakini mtungi wa gesi ukiisha katikati ya mwezi hurudishi moyo wako kwenye mkakati, unarudisha sufuria kwenye jiko la mkaa. Azma ya mtu wa mjini, basi, iwe ya kipimo: maharage, ambayo ndiyo mlaji mkubwa wa mkaa, yalowekwe usiku, jiko liwe la udongo mzuri lisilopoteza moto, na gunia lililokuwa likiisha kwa mwezi lifike mwezi na nusu. Ni hesabu ambayo kila mama anaweza kuifanya kwa kalenda ya ukutani.

Nimesema azma gani. Sasa tuje katika mwezi gani, maana swali letu lilikuwa na pande mbili.

Januari, wasikilizaji, ni mwezi mbaya kabisa wa kupanda mti katika nchi yetu. Mvua za vuli zimekwisha kwenda zake, kaskazi inavuma, jua linachoma, na ardhi ya kichanga haishiki maji. Mche unaopandwa tarehe 1 Januari kwa furaha ya mwaka mpya huwa umekwisha kukauka kabla masika hayajaanza mwezi wa Machi. Desturi ya kuufungua mwaka katika Januari tumeipokea kutoka nchi ambazo majira yake hayafanani na yetu, nasi hatuna haja ya kuikataa. Lakini wazee wa pwani walikuwa na mwaka wao mwingine, wa Nairuzi, ambao hadi leo ndugu zetu wa Makunduchi, huko Unguja, huukaribisha kwa sherehe za Mwaka Kogwa mwezi wa Julai. Mwaka huo ulihesabiwa kwa miongo, kila mwongo siku kumi, na kwa hesabu hiyo mkulima alijua siku ya kutia mbegu na nahodha alijua siku ya kung'oa nanga. Hapakuwa na mtu aliyeweka ahadi isiyopatana na upepo. Nasema haya kwa kupita tu, lakini naona kwamba tulipoipata kalenda mpya tulipoteza busara hiyo.

Hata hivyo Kanisa nalo lina kalenda yake, na ajabu ni kwamba, ukiitazama ukiwa umesimama shambani Kiwangwa, inakwenda sambamba na mvua zetu kana kwamba ilitungiwa hapa. Mwaka mpya huanguka katika kiangazi: ni wakati wa kuchimba mashimo, kuchanganya samadi, na kuotesha miche kivulini karibu na mtungi wa maji. Kwaresima huja Februari au mapema Machi, wakati mashamba yanasafishwa na moto unawashwa. Pasaka huja mvua za masika zikiwa zinanyesha: hapo ndipo pa kupanda, nayo Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tarehe 1 Aprili, imewekwa katika majira hayohayo. Kisha tarehe 1 Septemba Wakristo wa madhehebu mengi duniani huanza majira ya kuuombea uumbaji, ambayo huendelea hadi tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Fransisko wa Asizi; na kwetu huo ni wakati ambapo mche umekwisha kupita katika kipupwe na sehemu ya ukame, kwa hiyo umekwisha kuonyesha kama utaishi. Mwezi huo wa Septemba ndio wa hesabu. Majilio huja na vuli, panaporudishiwa mche pale ulipokufa mwingine. Je, mnahitaji mpango wa kuletwa na mtaalamu kutoka mjini, na ilhali mnao huu ukutani, katika kalenda ya parokia?

Kwaresima niliyoitaja inahitaji maneno yake. Mkristo hufunga nyama, hufunga pombe, hufunga sukari. Katika nchi ya mashamba, naona ingefaa zaidi afunge moto. Mnajua wenyewe jinsi mambo yanavyokuwa: mtu anafyeka shamba lake, anatia kiberiti mchana wa jua, kaskazi inauchukua moto, na kabla ya alasiri umekula mikorosho ya jirani, umeingia kichakani, umewafukuza kanga na sungura, na watu wanaupiga kwa matawi mabichi huku wakilaumiana. Moto kichaa, ndivyo tunavyouita, kana kwamba uliugua wenyewe. Anayeweza kuliacha shamba lake lisichomwe, akayalaza majani na mabua yakaoza juu ya ardhi, huyo ameipa nchi yake nguo na chakula kwa pamoja. Na mkulima wa mananasi hasa, anapong'oa mimea iliyozeeka, ana mali nyingi mkononi ya kuifunika ile ardhi ya kichanga, akipanga pia mistari yake mipya ikate mteremko badala ya kuufuata, ili mvua ya masika isichukue udongo wake kwenda kuumwaga bondeni. Asiyeweza kuacha kuchoma, basi apalilie ukanda mpana kuzunguka shamba, awaarifu jirani na serikali ya kijiji, angoje jioni upepo utulie, wala asiondoke hadi cheche ya mwisho izimike. Siku arobaini za Kwaresima bila moto uliotoroka: hiyo ni azma inayoweza kuhesabiwa, na kijiji kizima kitaiona.

Tukirudi kwenye kupanda, nataka niwakumbushe mama mmoja wa nchi jirani, Mkristo Mkatoliki, Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyeanzisha Harakati za Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Sifa zake mnazijua. Lakini jambo la ustadi katika kazi yake lilikuwa hili: wanawake wa vijijini walipewa fedha kidogo kwa mche uliopona; uliopandwa ukafa haukulipiwa. Malipo yalifuata uhai wa mti. Kama parokia na sharika zetu zingekubali kusema, mwaka huu hatuhesabu iliyopandwa, tunahesabu iliyo hai, basi tarakimu zetu zingepungua sana na miti yetu ingeongezeka sana.

Ipandwe miti gani? Kila nyumba ijichagulie. Mwembe wa kubebeshwa au mchungwa kwa ajili ya watoto, mkorosho kwa ajili ya mfuko, mjohoro kwa ajili ya kuni ili mwitu upumzike, mwarobaini kwa kivuli. Na mwenye moyo mpana apande mkongo au mpingo mmoja, akijua kwamba hatauvuna yeye. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 20, iliwakataza hata askari waliouzingira mji kuikata miti yake ya matunda. Sisi ambao hatuna vita na mtu, tunaikata yetu wenyewe.

Wala kupanda kwa ajili ya watakaokuja si jambo geni katika historia ya Ukristo wa hapa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 na kuanzisha misheni yao, wakaweka hapo kijiji cha watu waliokombolewa katika utumwa, kazi za mikono za mwanzo zilikuwa ni mashamba na miti, na hata leo anayekwenda kanisani huko hupita katika njia iliyopangwa miembe mikubwa pande mbili. Mikono iliyoitunza miti ile ilikuwa ya watu waliong'olewa kwao wakiwa watoto, wasiojua kaburi la baba liko wapi, nao wakakubali kutia mzizi katika nchi ambayo hawakuichagua. Majina ya wengi wao hatunayo. Kivuli chao tunacho. Na padri mmoja wa shirika hilohilo, Charles Sacleux, yule aliyetunga kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapwa kati ya mwaka 1939 na 1941, alikuwa pia mkusanyaji wa mimea ya pwani, akiuliza jina la kila mti kwa wenyeji. Leo ukimuuliza kijana wa kipaimara akutajie miti kumi ya mwitu wa kwao, atafika wa ngapi? Hilo nalo laweza kuwa azma ya shule ya Jumapili, na haligharimu hata senti: watoto wapelekwe kwa mzee, awe Mkwere, Mdoe, Mzigua au Mzaramo, awe Mkristo au Mwislamu, awatembeze, awatajie.

Nimemtaja Mwislamu, nami sikumtaja kwa adabu tu. Dini yake humhesabia sadaka kila kiumbe kinachokula katika mti alioupanda; na moto ukivuka mpaka hauulizi kama shamba ni la Yohana au la Juma. Kibubu cha shule, kinga ya moto, mashimo ya miche: katika kijiji cha Kiwangwa mambo haya hayawezi kufanywa na Wakristo peke yao, na azma ya Mkristo isiyomfikia jirani wa msikitini itakuwa azma ya nusu kijiji.

Na maji je? Nitapita haraka, kwa kuwa mnayajua kuliko mimi. Wami uko upande mmoja wetu na Ruvu upande mwingine, na watu wa Dar es Salaam, ambao hunywa maji ya Ruvu, waliona mwaka 2022, miezi ya Oktoba na Novemba, mto ulipopungua hata maji yakagawiwa kwa mgao. Miti ya kandokando ya mito na vijito, na mikoko ya huko Ruvu inapoingia baharini, isiguswe na shoka la Mkristo yeyote. Hapo sina mashauri ya kutoa; hapo ninaomba tu.

Mwaka 2025 Bagamoyo ilifanywa kuwa jimbo la Kanisa Katoliki lenye askofu wake, Mhashamu Stephano Musomba, na jimbo changa hutunga taratibu zake sasa, kabla mazoea hayajawa magumu. Ni wakati wa waamini kusema wanataka nini kiingizwe katika taratibu hizo, na ninyi wa makanisa mengine msingoje jirani aanze.

Muda wangu unakwisha, basi nijibu swali nililoanza nalo. Azma gani? Iliyo ndogo, yenye mti unaoonekana, kazi yenye jina, na siku ya hesabu: kibubu cha shule kimoja kwa kila jumuiya, Kwaresima isiyo na moto uliotoroka, na miche michache kwa kila nyumba, inayohesabiwa ikiwa hai mwezi wa Septemba. Mwezi gani? Jembe lianze mwezi huu kwa mashimo na samadi. Mche ungoje masika. Na shoka la Januari lipumzike. Kila jumuiya iwe na daftari moja, liandikwe jina la nyumba, mti uliopandwa, na mahali ulipo, na hesabu isomwe kanisani pamoja na ile ya miche iliyokufa, bila haya.

Jumapili ijayo, ibada itakapokwisha na kabla hamjatawanyika, mwulizeni katibu wa jumuiya yenu kama daftari limekwisha kununuliwa. Kwaherini, wasikilizaji wapenzi, na Mungu awape mvua kwa wakati wake.